Kaske Iliyokula Vitenge vya Kwaya

Byamungu alirudi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, mwezi wa nne mwaka huu, baada ya miaka mingi ya Kanada, na alipoingia kwangu alizunguka meza nzima ili akae upande wangu wa kulia. Hakuna aliyemwambia. Alivuta kiti, akaketi, akasema sombe inanukia vizuri, nami nikaudhika papo hapo, kwa sababu mtu aliyeshindwa kupiga simu miaka mitano hana haki ya kukumbuka jambo dogo kama hilo. Tulikula bukari, ugali wetu wa Kongo, na sombe ya majani ya muhogo, na wale samaki wadogo ambao Wamalawi wanawaita usipa na sisi tunaendelea kuwaita ndagala, kwa ukaidi tu. Binti yangu Aline, ambaye kazi yake ni kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika kwenye kompyuta kwa ajili ya watu wa ng'ambo, akaona amepata mtetezi. Wiki tatu alikuwa ananisumbua kuhusu kaske, yaani zile spika za kufunika masikio, na si kaske ya sokoni, bali ile inayofungiwa ndani ya kabati la kioo. "Tonto," akamwuliza, maana ndivyo tunavyomwita mjomba, "kaske ya bei iko na faida kweli, ao ni kujionyesha tu?" Byamungu akabaki na tonge mkononi. "Uliza mama yako," akasema. "Yeye njo fundi wa maneno hiyo." Kisha akacheka mpaka akapaliwa, Aline akawa anampiga mgongoni, na mimi nikainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kisa hicho anakisimulia vibaya. Nimesikia kwamba huko Kanada anakisimulia hata kwenye harusi: dada mmoja wa Dzaleka aliyeishtaki kaske kanisani. Katika masimulizi yake jambo lote linachukua muda wa kunywa soda moja, watu wanacheka, hakuna aliyeumia. Lakini mwaka ule haukuwa mfupi hivyo, na aliyeumia alikuwa yeye. Mimi ndiye niliyemharibia jina, na kwa kuharibika jina akakosa kazi ambayo alikuwa ameitamani kuliko chakula. Sipendi anisaidie kulisahau hilo. Ndiyo maana nimekaa kuliandika mwenyewe, na akilisoma akaona nimemsema vibaya mahali, basi naye atafute kalamu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa naishi kwa Mama Esta, mama wa Fizi, huko Kongo, aliyeongoza sauti ya alto katika kwaya yetu, kwenye chumba kilichogawanywa na shuka lililotundikwa kama pazia: huku kitanda chake, huku mkeka wangu na cherehani tuliyoitumia wote wawili. Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi, na nyuma yake aliishi prezida wa kwaya, mtu asiyejua kunong'ona. Siri za kwaya tulizijua kabla ya kwaya yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka tulimsikia akimweleza mkewe kwamba michango ya uniforme, yaani sare ya kwaya, imetosha, kwamba vitenge vitanunuliwa kabla ya Pasaka, na kwamba kushona atapewa Sifa wa Mama Esta. Sifa ni mimi. Nilikaa juu ya mkeka wangu nikihesabu magauni. Kwaya ya kanisa la ng'ambo ya barabara ilikuwa imetokea Krismasi ikiwa imevaa bluu tupu, na sisi tulikuwa tumesimama mbele yao tukifanana na watu walioitwa kutoka sokoni. Kwa hiyo mtu akitaka kujua nilikuwa na hasira gani na kaske ile hata kabla ya kuiona, aanzie hapo.

Maana kwenye mkutano Byamungu alisimama. Alikuwa kijana wa Bukavu, amesoma, anaongea Kifaransa hata na kuku. Kwaya ilikuwa imeamua kurekodi nyimbo nane, na yeye, kwa kompyuta yake iliyokosa herufi tatu, ndiye aliyepewa kazi ya kurekodi na kupanga sauti. Akasema hawezi kupanga sauti kwa iafoni za sokoni, zile ndogo za kuchomeka masikioni. Akasema vitenge vinaweza kungoja. "Kaske ya bei rahisi inadanganya," akaeleza. "Inaongeza basse, ile sauti nzito, juu ya kukufurahisha. Utatengeneza wimbo, utaona iko muzuri, kisha utaipeleka ku radio ya bantu, utasikia ngoma tu. Sauti ya ba-mama imezama." Prezida akauliza ile ya bei kubwa inafanya nini zaidi. "Inakuambia ukweli," akajibu Byamungu. Mama Esta akasema kwamba ukweli tunao tayari katika Biblia, na ni bure. Watu walicheka sana, nami nikadhani mambo yameisha, vitenge vimeokoka. Sikuwajua bado wanaume wa kamati. Walipoacha kucheka walitazamana, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kusema mbele ya kijana aliyesoma kwamba yeye hajui tofauti ya kaske na kaske. Mmoja akasema maendeleo ni maendeleo. Mwingine akaitikia. Wakainua mikono, na magauni yangu yakaishia hapo.

Wakatuma watu wawili Lilongwe kununua, Byamungu na mimi, kwa maelezo kwamba mwanamume peke yake na pesa ya kanisa ni majaribu, na kwamba mimi, niliyenuna waziwazi, nitakuwa shahidi mzuri. Tukapata ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda. Duka lilikuwa mjini, la mama mmoja wa Kimalawi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alitutandikia kaske mbili juu ya meza: moja ya kawaida, nyingine ya kabatini. Byamungu akatoa flashi yake, akaomba ichomekwe kwenye kompyuta ya duka, akafumba macho, akasikiliza wimbo mmoja kwa kaske ya kwanza, halafu ya pili, halafu akarudi ya kwanza. Wateja walikuja, wakanunua chaja, wakaondoka. Mama yule alituuliza mara mbili, kwa adabu, kama kuna tatizo. Nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe akafumbua macho, akaninyoshea ile ya kabatini. "Sikia na we. Sitaki baseme nilichagua peke yangu."

Niliishika kama ninavyoshika simu, kikombe kimoja tu, kwenye sikio langu la kulia. Nikasikiliza. Nikachukua ile ya bei nafuu, nikaishika vilevile. Ulikuwa wimbo uleule. Labda ule wa kaske ghali ulikuwa safi kidogo, kama nguo iliyosuuzwa mara mbili, na labda nilikuwa najipa moyo tu. Byamungu alikuwa ananitazama, mama wa duka alikuwa ananitazama, na mimi niliwaza jambo moja: nikisema sisikii tofauti, kijana huyu wa Bukavu ataniita mtu wa shamba mpaka mmoja wetu azikwe. "Iko tofauti sana," nikasema. "Haifanani hata." Akafurahi kiasi kwamba tulipotoka alininunulia mandasi mbili kwa pesa yake mwenyewe. Mama wa duka alisema zikomo, yaani asante, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Leo najua kwamba nusu ya vitu vya bei kubwa duniani vinanunuliwa hivyo, na mtu anayeogopa kusema haoni kitu, lakini siku ile nilikula mandasi zangu na dhamiri ikanisumbua kidogo tu.

Nyumbani kaske ikageuka kuwa mgonjwa wa kutunzwa. Byamungu aliiweka ndani ya boksi lake, boksi ndani ya mfuko, mfuko ndani ya sanduku, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa bila kunawa mikono. "Ni yai?" Mama Esta aliuliza. Halafu ikaonekana kwamba waya wake hauingii kwenye kompyuta yake, kwa sababu kichwa cha waya ni kikubwa na tundu ni dogo, jambo ambalo mtu aliyesikiliza kaske muda wote ule dukani angeweza kuliona. Akarudi Lilongwe peke yake, na kaske begani, kutafuta kiunganishi. Alikaa siku mbili. Aliporudi alikuwa na kiunganishi na habari: huko mtaa wa Area 25 amekutana na mzee mmoja wa Kimalawi mwenye studio ndogo ya kurekodi kwaya, nyuma ya nyumba yake, na mzee yuko tayari kumpa kazi. Anachotaka ni barua ya kanisa inayosema Byamungu ni mwaminifu, maana msaidizi wake wa mwisho aliondoka na maikrofoni mbili. Sikuwahi kumwona Byamungu akiwa na furaha namna ile. Alisahau hata Kifaransa. Alikuja kwa Mama Esta, akakaa kwenye kigoda, akala maharage yetu, akatueleza vyumba vya studio ile kimoja kimoja kama mtu anayeeleza nyumba atakayohamia.

Jumamosi iliyofuata aliniita kanisani baada ya mazoezi. Nilikuwa nimeimba sehemu ya peke yangu katika wimbo wa tatu, akataka niisikilize. Kwa mara ya kwanza akanivalisha kaske yote kichwani, vikombe vyote viwili. Wimbo ukaanza kwenye sikio la kulia. Kushoto hapakuwa na kitu. Nilingoja. Nikagusa kikombe cha kushoto, nikakibonyeza. Kimya. Nikaivua, nikamwambia, "Upande moja imekufa." Akacheka, akasema haiwezekani. Akavaa, akasikiliza, akasema pande zote ziko hai. Nikamtazama usoni na nikaona, au nilidhani naona, kila kitu: safari ya pili, siku mbili za Lilongwe, kaske begani, shahidi hayupo. Ameuza ile nzuri. Ametuletea mfano wake, wa bandia, na sasa ananiambia nisikie kisichosikika. Na chini ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukisema kwa mtu yeyote mwaka ule. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi wa ununuzi. Nilikuwa nimesema iko tofauti wakati sikusikia tofauti. Kama kaske ni mbovu, lawama ingenifikia, na njia ya haraka ya kuiepuka ilikuwa kumsukumia yeye yote. Sikumaliza hata kufunga viatu vizuri. Nilikwenda moja kwa moja kwa prezida.

Sasa naomba msomaji avumilie, maana hapa ndipo kanisa letu lilipofanya jambo ambalo mpaka leo likinijia jikoni naacha kukoroga. Mtu yeyote angeweza kuivaa kaske ile dakika moja na kesi ikaisha. Lakini kwetu mali ya kanisa ikigombaniwa haiguswi. Inafungwa na kuwekwa mpaka mchungaji akae na kamati, ili pasiwepo wa kusema imechezewa katikati. Ni desturi nzuri kwa gunia la mahindi. Basi wakaizungushia boksi seloteepu mpaka likang'aa, prezida akatia sahihi juu ya seloteepu, na likafungiwa kwenye sanduku la bati nyumbani kwa mchungaji. Mchungaji alikuwa amesafiri kwenda kwenye mkutano wa makanisa kaskazini, angerudi baada ya wiki tatu. Na mtu aliyeshtakiwa anasimamishwa: anakuja ibadani, anakaa benchi la nyuma, haimbi, na kanisa halimwandikii barua yoyote.

Zile wiki tatu nilikuwa nimejaa haki. Nilishona na haki yangu, nikapika na haki yangu. Kupitia ukuta tulimsikia prezida akimwambia mkewe kwamba yeye tangu zamani alimwona Byamungu ana macho ya mtu wa mjini. Kisimani walisema ameuza kaske kwa mtumba wa nguo. Sokoni walisema si kaske tu, ni kompyuta pia, ilhali kompyuta ilikuwa yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyekuwa nimeipindua ndoo, lakini niliyaangalia yakitiririka na kusema shauri yake. Siku moja mchana alikuja mpaka mlangoni. Mama Esta alikuwa anachambua lengalenga. Byamungu hakukaa.

"Sifa," akasema, "ku duka we ulisikia. Ulisema na mudomo yako."

"Ku duka ilikuwa ile ya kweli."

"Ni ileile. Mzee wa Area 25 alinitumia mutu mara mbili. Anangoja barua. Bambie tu bafungue boksi, basikie, dakika moja. Bakikuta upande moja imekufa, mi mwenyewe nitaondoka ku kambi hii."

"Kamati njo inafungua. Si mimi."

"We njo ulifunga," akasema, akaondoka.

Mama Esta akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye mboga zake, "Mtoto yangu, ile kitu unasema, uko na hakika nayo?" Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili. Nilimwambia nina masikio. Wiki ya tatu ilipokaribia kwisha tukasikia kupitia ukuta kwamba mzee wa studio amechoka kungoja barua na amechukua kijana mwingine. Prezida alilisema hilo katikati ya maneno ya bei ya mkaa, na mkewe akamjibu kuhusu mkaa.

Mchungaji alirudi siku ya Alhamisi, na Ijumaa alasiri kamati ikakaa. Tuliomba, tukaimba ubeti mmoja, sanduku likafunguliwa, seloteepu ikakatwa kwa wembe mbele ya mashahidi. Nikaambiwa nisimame niseme. Nikasema vizuri sana, nilikuwa nimejiandaa. Ndipo mchungaji akafanya kile ambacho watu wote hawa hawakufanya kwa siku ishirini na moja: akaivaa kaske. Akasikiliza, akatikisa kichwa kidogo kufuata wimbo. "Mi nasikia pande zote," akasema. Akampa prezida. Prezida akasikia pande zote. Katibu akasikia pande zote. Nikasema wanamwonea huruma, wanamfunika. Nililisema hilo mbele ya mchungaji wangu, nikiwa nimesimama. Ikamfikia Mama Esta. Akaivaa, akasikiliza. Aliivua, akanijia, akanivalisha yeye mwenyewe.

"Unasikia wapi?"

Nikaonyesha kulia.

Akaitoa, akaigeuza mbele nyuma, kikombe cha kushoto kikawa kulia, akanivalisha tena. Kile nilichokiita kimekufa kilikuwa sasa kinaimba kwa nguvu zake zote kwenye sikio langu la kulia. Na kile kilichokuwa kizima sasa kilikuwa kushoto, na kushoto kulikuwa kimya. "Na sasa wapi?" akauliza, nikamsoma midomoni. Akanivua kaske taratibu, akazunguka, akasimama mahali nisipomwona. Baadaye waliniambia kwamba aliinama kwenye sikio langu la kushoto akaniita jina langu kwa kunong'ona mara tatu, na kwamba niliendelea kutazama mbele, nikimtazama mchungaji, nikingoja mtu aseme neno.

Nimeulizwa mara nyingi, iliwezekanaje mtu mzima asijue. Basi nisikilizwe. Iafoni zote tulizokuwa nazo kambini zilikuwa na upande mmoja uliokufa. Unanunua sokoni, wiki ya pili upande mmoja unakata, unaendelea na mwingine, kila mtu alikuwa hivyo, ulikuwa mzaha wetu wote. Mimi upande uliokufa ulikuwa siku zote wa kushoto, na sikuwahi kujiuliza. Simu niliishika kulia. Kwaya ikisimama nilikwenda mwisho wa mstari upande wa kushoto, ili wote wawe kulia kwangu, na nikiulizwa nilisema napenda hewa ya dirishani. Watu walioniita kutoka kushoto na nisiitike waliniona nina maringo, nami niliwaona wao wanaongea chinichini. Kwenye zahanati waliniambia ni jambo la zamani, labda homa ya utotoni, na hakuna dawa. Aline ndiye anayetaka kujua kama kaske ghali ina thamani ya fedha yake, basi hili ndilo jibu ninaloweza kumpa: kama tungenunua ile ya bei nafuu, ningesema imekufa upande mmoja kama zote, kila mtu angekubali, na ningezeeka bila kujua. Ile ya bei nafuu ilikuwa inanifichia. Ile ghali ilininyima kisingizio, na mimi, badala ya kujishika sikio, nikamshika mtu.

Kilichoniudhi zaidi baada ya pale ni huruma. Kamati nzima ilinigeukia mimi. Pole Sifa, pole binti, Mungu anajua. Wamama walileta unga. Byamungu alikuwa amekaa benchi la nyuma, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwambia asimame aje mbele. Nilipomaliza kulia niligundua kwamba boksi limefungwa, sala ya mwisho imesemwa, na watu wanatafuta viatu vyao. Ilibidi nisimame tena niseme kwamba sikuwa nimemaliza. Nikasema Byamungu hakuiba, nilimsingizia, na nikasema pia lile la dukani, kwamba sikusikia tofauti yoyote na nilidanganya kwa sababu ya aibu. Niliposema hilo la dukani wanaume wa kamati walilitazama boksi, nikafahamu kwamba nusu ya wale wanaume walikuwa wamesikiliza kaske ile muda mfupi uliopita na walikuwa wanajiuliza jambo lilelile. Nikadai barua iandikwe palepale. Katibu akasema karatasi ya mhuri imekwisha. Nikasema nitasubiri.

Jumatatu niliipeleka mwenyewe Area 25. Mzee wa studio alinikaribisha sebuleni, akanipa kiti, akaisoma barua yote mpaka kwenye mhuri. Kijana wake mpya alikuwa nyuma anajaribu ngoma. Nilimweleza kwa Kichewa changu cha sokoni kwamba kosa lilikuwa langu, la sikio langu na la mdomo wangu. Alinisikiliza kwa upole mwingi. Akasema barua ni nzuri, ila kijana huyu ameshaanza, ana mke, hawezi kumfukuza kwa sababu nimepona wivu. Sikuwa na wivu, lakini sikuona faida ya kubishana. Nikarudi na barua mkononi. Nilipompa Byamungu aliikunja mara nne, akaitia mfukoni bila kuisoma. Wiki iliyofuata alikwenda Kanengo, kwenye maghala, kubeba marobota ya tumbaku. Mtu ambaye hakutaka mtu ashike kaske bila kunawa mikono alibeba marobota msimu mzima, na mimi ndiye niliyempeleka kule, kama vile ningemshika mkono.

Kila Jumamosi alikuwa anarudi kambini kumalizia nyimbo za kwaya. Hakuna aliyetegemea aendelee. Aliendelea. Alikuja na bega lililochubuka, akakaa kwenye kona ya kanisa, akavaa kaske, akafumba macho. Hakunisalimia. Nikimpelekea chai aliinywa na kunirudishia kikombe bila kunitazama, na sikuwa na haki ya kudai zaidi. Picha ya jalada tulipiga tukiwa na nguo zetu za kawaida, kila mtu na rangi yake, maana vitenge havikununuliwa tena. Nyimbo zilisifiwa. Mpaka Chinsapo, kule Lilongwe, watu walikuwa nazo kwenye simu, na kweli sauti za wamama hazikuzama.

Jumamosi ya mwisho nilikuwa nafagia. Akaniita kwa kidevu. Nikasogea, akaninyoshea kaske, nikaivaa, akaanzisha wimbo wa tatu. Nilisikia soprano, nikasikia alto, nikamsikia Mama Esta akivuta pumzi kabla ya kiitikio, nikajisikia mwenyewe. Nilingoja wanaume waingie. Hawakuingia. Wimbo ukafika katikati, mahali ninapojua kabisa kwamba basse inatubeba, na palikuwa patupu. Nikamtazama.

"Beko kushoto," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu mlangoni kwa Mama Esta. "Nilibapanga vile bantu banasimama ku kanisa, ukibaangalia. Wanaume kushoto, ba-mama kulia. We hautabasikia hata siku moja."

Akasimamisha wimbo, akafungua kopi nyingine ya wimbo uleule, akaanzisha tena. Wakaingia. Basse, tenor, wote, kwenye sikio langu la kulia, wamebanana na wamama kama watu waliokimbilia chini ya paa moja mvua ikinyesha, na kwaya yangu ikawa nzima kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ndani ya kaske. Nililia. Niseme tu kwamba nililia, na ufagio ukaanguka.

"Hii kopi ni yako," akasema. "Usipe mutu mwingine. Haiko muzuri. Bote beko upande moja, inachafuka."

"Umenisamehe?" nikamwuliza.

"Bado," akasema. "Lakini we uliimba. Mwenye aliimba anapashwa kusikia wimbo yote."

Akaurudisha wimbo mwanzo. Nilisikiliza mpaka mwisho, na yeye alikaa pale kwenye benchi na hasira yake, akinisubiri nimalize.